Jumamosi tunahamisha mawaridi ya jangwa

Habari za jioni wanakikundi. Jumamosi saa 3 asubuhi tukutane kwangu Ipagala, kila mtu na adeniamu yake, yaani huo mmea wa waridi la jangwa. Baridi ya Julai imeshapita, joto limerudi na vichipukizi vimeanza kutokeza. Huu ndio wakati wa kubadilisha vyungu na kupogoa, maana maua hutoka kwenye ncha changa.

Ukiupanda mmea upya, unyanyue sentimita 2 hivi kuliko ulivyokuwa, ile mizizi minene ionekane. Hapo ndipo bonsai (mti mdogo wa chunguni) inapopata sura ya mbuyu. Mchanga wa korongoni uwe mwingi, samadi iliyooza kidogo tu, chungu kipana kifupi chenye matundu. Kisha USIMWAGILIE siku 5 hadi 7, vidonda vikauke kwanza. Mmea wangu mkubwa niliuua mwaka jana kwa huruma ya maji. Nilipobonyeza shina, kidole kilizama kama kwenye papai bovu.

Njooni na glavu. Utomvu wake ni sumu, wawindaji waliupaka kwenye mishale, kwa hiyo watoto wabaki nyumbani jamani. Mchanga ninao, chungu kila mtu aje na chake.