Kebo za juu ya dari zibebwe na jengo, si na dari

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwaeleze wenye majengo ya biashara, na mafundi wao, jambo linalopuuzwa kwa sababu tu halionekani. Fundi anainua kigae cha dari ya kuning'inia, anatupa kebo mgongoni mwa dari, anarudisha kigae na kuhesabu kazi imekwisha. Haijaisha.

Kigae na fremu yake havikutengenezwa kubeba nyaya. Kila kebo inayoongezwa huilemea fremu mpaka inapinda, na anayekuja kutafuta hitilafu hawezi kufungua kigae bila kuvuta waya wenye umeme. Ndiyo maana kanuni za umeme za Marekani, NEC, zinakataza kulaza kebo juu ya dari au kuifunga kwenye waya zinazoshikilia fremu. Fundi aning'inize waya zake mwenyewe za kubebea kebo, zifungwe imara ncha zote mbili; na dari ikiwa ya kuhimili moto, azitie rangi au lebo zitambulike. Kebo yenye ala ya chuma, MC, ishikizwe kila mita 1.8, na kishikizo cha kwanza kisivuke milimita 300 kutoka kwenye boksi la kuungia nyaya. Paipu nyembamba za chuma, EMT, ni kila mita 3, na milimita 900 kutoka kwenye boksi. Kebo ya nyumbani yenye ala ya plastiki pekee hairuhusiwi kupita wazi juu ya dari hiyo.

Kufunga kwa mikanda ya plastiki peke yake ni hatari zaidi, maana huyeyuka mapema. Mwaka 2010 askari wawili wa zimamoto walikufa katika jengo la Shirley Towers, Southampton, ambako kebo zilizodondoka ziliwanasa. Kanuni za umeme za Uingereza, BS 7671, zilidai vishikizo visivyoachia mapema kwenye moto, kwanza katika njia za kutorokea, mwaka 2015, kisha katika jengo zima, mwaka 2018. Kibanio cha chuma kila baada ya umbali fulani kinatosha.

Maungio yawe ndani ya boksi lenye kifuniko, linalofikika. Dari ya jipsamu isiyo na kidirisha huzika boksi. Na kama nafasi ya juu ya dari ndiyo inayorudisha hewa ya kiyoyozi, moshi wa plastiki ikiungua utafika kila chumba: tumia paipu za chuma, au kebo zilizoidhinishwa kwa nafasi hiyo.

Mkaguzi aitwe kabla vigae havijawekwa.

Fundi umeme