Kabla ya kumlaumu nahodha, tuwekeeni alama za njia

Ndugu Mhariri,

Kila chombo kinapozama katika mito yetu ya Kongo, maneno ni yaleyale: kilijaza kupita kiasi, kilisafiri usiku, abiria hawakuvaa jaketi za kujiokolea. Sibishi. Rais Tshisekedi mwenyewe aliagiza jaketi hizo ziwe za lazima mwaka 2019, baada ya ajali ya Ziwa Kivu. Lakini jaketi ni ya mtu aliyekwisha kuanguka majini. Mimi nauliza habari za njia.

Nauza mchele na mawese kati ya Kindu na Ubundu, kilomita zipatazo 300 za mto Lualaba. Mwezi wa nane, maji yakiwa chini, balenieri (boti ndefu ya mbao yenye injini) tuliyosafiri nayo ilipanda fungu la mchanga saa tisa alasiri. Mbele alisimama kijana na upondo wake wenye mistari myekundu na myeupe, akichovya na kupaza sauti: mitano, minne, minne... Alipotaja miwili tulikuwa tumekwisha kukwama. Nahodha, mzee anayeujua mto tangu utotoni, alisema pale hulenga msufi mkubwa wa ng'ambo ndipo avuke. Msufi haukuwapo. Ukingo ulimegwa na mafuriko, mti ukaenda nao. Tulilala hapo siku mbili, na magunia ya chini yakalowa.

Hiyo ndiyo tabia ya mto. Kwenye kona, maji hukimbilia ukingo wa nje na kuchimba kina. Mchanga hutua upande wa ndani. Balaa liko baina ya kona moja na nyingine, mkondo unapohamia upande wa pili, maana hapo mchanga hutandazwa, na kila mafuriko huupanga upya. Ramani ya zamani haikusaidii. Wala siombi mashine kubwa za kuchota mchanga: unaouchota leo, msimu ujao umerudi.

Naomba hivi: kila mwaka maji yakianza kushuka, wenye dhamana ya njia za majini watume boti ipime mkondo, isogeze maboya, igongelee vibao ukingoni, vyenye rangi inayong'aa vikimulikwa na taa. Vijiji vya jirani vilipwe kuvilinda, la sivyo boya la chuma halimalizi mwezi (nimeona moja limekatwa, limegeuzwa chombo cha kuhifadhia mawese). Na redio za Kindu na Kisangani zitangaze kipimo cha maji kila jioni. Kwenye mto Rhine, Ujerumani, wenye meli hutazama kipimo cha maji cha mji wa Kaub kabla ya kupakia. Oktoba 2018 kiliposhuka hadi sentimita 25 (hiyo ni alama ya kipimo, si kina chote cha njia), meli zilizoendelea na safari zilibeba sehemu ndogo tu ya mzigo wa kawaida. Wale walijua wakiwa bado bandarini. Sisi hujua upondo ukigonga chini.

Boti hiyo ya kupima ikifika Kindu, mafuta ya siku ya kwanza nitatoa mimi.

Mfanyabiashara wa mchele,
Kindu, Maniema