Risala ya Kikundi cha Mafundi wa Dizeli, Kibaigwa, kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, viongozi wa mji wetu, wazee na ndugu wanachama,

Kwa heshima na taadhima tunakukaribisha Kibaigwa. Tunajua majukumu yako ni mengi, na kufika kwako ni faraja kubwa kwetu.

Kikundi chetu kilianza na mafundi wanne chini ya mwarobaini, jirani na soko la mahindi. Leo tuko 19, mabinti watatu wakiwemo, tuna banda la bati, na hakuna trekta wala mashine ya kukamulia alizeti ya eneo hili ambayo haijapita mikononi mwetu.

Mheshimiwa, pamoja na mafanikio hayo makubwa, lipo jambo moja linalotunyima usingizi. Hatuna kifaa cha kupimia nozo, yaani kile kipua kinachorusha dizeli ndani ya injini.

Tunaomba uiangalie hii aliyoishika katibu, imetoka kwenye trekta juzi. Vitundu vya nchani ni vyembamba kuliko nusu milimita. Kwa injini nyingi za trekta, nozo hufunguka msukumo wa dizeli unapofika takribani bar 200, wakati tairi la lori hujazwa kama bar 8 tu. Nozo nzima hutoa ukungu, na ukungu huungua vizuri kwa kuwa kila chembe imezungukwa na hewa. Nozo ikishaliwa na vumbi na maji ya kwenye madumu, inadondosha. Tone kubwa haliwahi kuungua lote, linaacha masizi. Ndio ule moshi mweusi. Mkulima anadhani injini ina nguvu, kumbe hela yake ya dizeli inapaa. Na tangu 2012 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani wameutaja moshi wa dizeli kuwa unasababisha saratani. Sisi tunashinda ndani yake.

Bila kifaa, ili tujue nozo ipi ni mbovu tunalegeza paipu moja moja huku tukisikiliza mlio. Mwaka jana kijana wetu alikinga mkono aone nozo inavyorusha. Dizeli ilipenya kidoleni. Palikuwa na kidoa tu, kama cha sindano, tukampa maji na sabuni anawe. Jioni mkono ulikuwa umevimba hadi kiwiko, akapasuliwa. Leo yupo hapa, kidole hakikunji.

Mheshimiwa, inatuuma kusema, lakini kifaa hicho tulishaahidiwa. Mgeni aliyesimama hapo ulipo alisema kitafika kabla ya mvua. Tulipiga makofi, mama zetu wakapiga vigelegele. Misimu miwili ya mvua imepita, barua tatu tumeandika, nakala tunazo. Ahadi ingetimizwa, kijana huyu asingekinga mkono.

Wenzetu wako mbali. Kampuni ya Bosch ya Ujerumani walianza kuuza pampu zao za dizeli 1927, na leo injini za komoni reli, ambazo nozo zote hulishwa na bomba moja lenye msukumo mkubwa, zinafika zaidi ya bar 2,000. Hatuombi mitambo hiyo. Tunaomba pampu ya mkono yenye geji, na chombo kisichopitisha mrusho cha kuikingia nozo. Meza ya zege tumeshaijenga kwa michango yetu, boliti zimeshachimbiwa. Nozo zinazosafirishwa zaidi ya kilomita 300 hadi Dar es Salaam, trekta likisubiri shambani, zitapimwa hapa.

Katibu ameacha ukurasa wazi kwenye daftari. Kwa unyenyekevu mkubwa tunakuomba, kabla hujapanda gari, utuandikie tarehe na uweke sahihi.

Tunaomba kuwasilisha.