Barua ya Wazi kwa Gavana wa Kaunti ya Mombasa: Mazungumzo ya Dini Yashuke Mtaani

Mheshimiwa Gavana,

Salaam aleikum, na Bwana asifiwe. Nakuandikia kutoka Likoni, ninakofundisha chekechea. Ombi langu ni moja: mazungumzo baina ya dini zetu yasiishie kwa masheikh na maaskofu. Yashuke kwa waumini wenyewe, na yahusu mambo ambayo kaunti yako inayasimamia kila siku.

Mombasa haijaanza jana kuishi na watu wa imani tofauti. Mwaka 1844 mmishonari Johann Ludwig Krapf alifika hapa, akaanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, na aliyemsaidia alikuwa sheikh aliyewahi kuwa kadhi. Hatusikii kwamba mmoja alisilimu au mwingine akabatizwa. Palikuwa na kazi mbele yao, wakaifanya, kila mtu akabaki na imani yake. Nakipenda kisa hiki kuliko hotuba nyingi za amani nilizozisikia.

Lakini tumeumizana pia, na hilo halifichiki. Likoni yetu iliwaka kwa ghasia Agosti 1997. Oktoba 2013, baada ya mhubiri wa Kiislamu kuuawa kwa risasi pamoja na wenzake, kanisa la Jeshi la Wokovu la Majengo lilichomwa. Februari 2014 polisi waliingia Msikiti Musa na damu ikamwagika. Mwezi uliofuata, hapa hapa Likoni, waumini walipigwa risasi katikati ya ibada ya Jumapili. Viongozi wa dini hawakunyamaza katika siku hizo. Baraza la viongozi wa dini la Pwani, CICC, limewakalisha pamoja Waislamu, Wakristo, Wahindu na wafuasi wa dini za jadi, nami nawashukuru kwa dhati. Ila, Mheshimiwa, sheikh na askofu hawakuwa na ugomvi tangu mwanzo. Wanajuana, wanapigiana simu, wanaalikana kwenye futari. Wasiojuana ni muumini wa kanisa jipya la mabati na jirani yake wa ukuta kwa ukuta.

Nikueleze lililotokea mtaani kwetu. Kanisa dogo lilianza kufanya kesha kila Ijumaa, na spika yake ikaelekea dirisha la nyumba ya Kiswahili alimolala mzee mgonjwa. Wiki zikapita. Vijana wakaanza kusema kanisa litang'olewa mabati, na waumini nao wakajibu kwamba mbona adhana ya alfajiri wanaivumilia. Maneno yakawa yanapanda kila Jumamosi asubuhi. Aliyeyatuliza ni mama mmoja muuza mahamri na mbaazi, Mwislamu, ambaye mke wa pasta alikuwa mteja wake wa kila siku. Hakumsuta. Alimkaribisha uani, akamwingiza chumbani kwa mgonjwa, akamwambia, "Kaa hapa kidogo, mwanangu, umwone." Jioni ile pasta alikuja mwenyewe kumjulia hali mzee. Spika ikageuzwa kuelekea ghala lisilo na mtu, na ikifika saa nne usiku inazimwa. Ramadhani ilipoingia, vijana wa msikiti nao wakakubali spika ya nje iwe ya adhana tu, mawaidha yabaki ndani.

Makubaliano hayo yanashika mpaka leo, lakini hayana karatasi, hayana mlezi. Yule mama akihama, yanahama naye. Na ni mitaa mingapi isiyo na mtu kama yeye?

Hapo ndipo unapoingia wewe. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezikabidhi kaunti udhibiti wa kelele, makaburi na elimu ya chekechea. Ukiyatazama hayo matatu, ndiyo yanayowagonganisha au kuwakutanisha watu wa dini mbalimbali hata kabla mwanasiasa hajatia neno. Naomba kila wadi iwe na baraza la majirani, likutane wakati wa amani, lisingoje maiti. Nusu ya wajumbe wawe wanawake. Wawemo wachungaji wa makanisa madogo yasiyo na askofu wa kuyasemea, maimamu wa misikiti ya mitaani, jamaa zetu wa Kihindu, na wazee wa kaya, walinzi wa mila za Wamijikenda, ambao tunawaita kwenye sherehe kisha tunawasahau kwenye vikao.

Wapewe kazi ya kweli. Wapange pamoja saa za kesha na za mihadhara ya hadhara, na njia za zefe ya Maulidi na za Njia ya Msalaba siku ya Ijumaa Kuu. Wakague makaburi ya wadi yao, ya dini zote, waseme palipojaa na palipobomoka. Sitaki mihadhara ipigwe marufuku: Kifungu cha 32 cha Katiba kinampa kila mtu uhuru wa kuhubiri imani yake, na watu wazima wanaweza kubishana kuhusu vitabu vyao. Ninachotaka ni wenye mtaa wawe na pa kusema pale matusi yanapogeuka kuwa ndiyo mahubiri.

Wala siombi ibada za kuchanganywa. Najua wapo wanaoliogopa jambo hili kwa sababu hiyo, na hofu yao naiheshimu. Mwislamu abaki Mwislamu, Mkristo abaki Mkristo, Mhindu vivyo hivyo.

Kwa walimu wenzangu wa chekechea naomba mafunzo. Mtoto wa miaka mitano huniuliza kwa nini rafiki yake hali mchana, au kwa nini mwingine anavaa msalaba. Anauliza kwa mapenzi, bila ubaya wowote. Mwalimu asiyejua la kujibu humwambia anyamaze, na mtoto anajifunza kwamba dini ya mwenzake ni jambo la kunong'onezwa.

Mheshimiwa, makadirio ya bajeti hufikishwa kwenye bunge la kaunti kabla ya Aprili 30. Naomba mabaraza haya yatengewe fungu lake humo, hata dogo, na naomba unijibu hadharani kama nilivyokuandikia.

Wako,
Mwalimu wa chekechea, Likoni