Tahadhari ya mvua ifike mtaani, isiishie mkoani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme neno kuhusu tahadhari za mvua tunazotumiwa kwenye simu sisi tunaoishi kando ya Mto Msimbazi, Dar es Salaam.

Mwaka 2015 nilikuwa miongoni mwa wanafunzi waliopita vichochoroni kwenye mradi wa Ramani Huria, wa kuchora ramani za maeneo yanayofurika. Ndege zisizo na rubani zilipiga picha juu, sisi huku chini tukabisha hodi nyumba kwa nyumba kuuliza maji hufika wapi. Mzee mmoja alinishika mkono, akanipeleka hadi ukutani na kuweka kiganja juu kidogo ya kitasa cha mlango. “Desemba 2011 yaliishia hapa, mwanangu.” Ukuta ulishapakwa chokaa, lakini mstari wa tope ulikuwa bado unaonekana. Nikashusha futi, nikapima, nikaandika.

Kwa hiyo mambo haya yanajulikana. Nyumba ipi iko bondeni, mfereji upi hufurika, yamo kwenye ramani ambayo yeyote mwenye intaneti anaweza kuifungua.

Sasa soma tahadhari yenyewe. Inasema mvua kubwa inatarajiwa katika baadhi ya maeneo ya mikoa ya Dar es Salaam, Pwani, Tanga na Morogoro, pamoja na visiwa vya Unguja na Pemba. Kwa sensa ya 2022, Dar es Salaam peke yake ina watu zaidi ya milioni 5. Mama wa Kigogo, mtaa wetu huku bondeni, afanye nini na “baadhi ya maeneo”? Tena Msimbazi unaanzia vilima vya Pugu, upande wa Kisarawe. Kwetu panaweza kuwa pakavu kabisa na maji yako njiani.

Silaumu utabiri. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilitangazwa mapema, boti za Unguja zikasimama, watu wakajiandaa. Ninacholilia ni hatua ya mwisho, kutoka ofisini hadi mlangoni kwangu. Msimu mmoja, saa kumi alfajiri, nilikuwa nimesimama kwenye stuli nikipokea watoto wa jirani kupitia dirishani. Ujumbe wa kunitahadharisha uliingia kwenye simu yangu ya kitochi saa tatu asubuhi.

Ujumbe wa kawaida hutumwa kwa namba moja moja, na mtandao ukielemewa hukaa foleni. Ipo teknolojia nyingine: mnara wa simu hutangaza mara moja kwa simu zote zenye uwezo wa kuupokea katika eneo lake, bila kuhitaji namba ya mtu wala bando, na simu hulia mlio wake wa pekee. Ujumbe wa Kigogo unakwenda Kigogo bila kumwamsha mtu wa Mbezi. Uholanzi wanautumia mfumo huu tangu 2012. Ujerumani hawakuwa nao mafuriko ya Julai 2021 yalipoua watu zaidi ya 180. Wakauanzisha Februari 2023, baada ya mazishi.

Mitambo yenyewe si kazi kubwa. Kazi kubwa ni kuamua nani abonyeze. Utabiri uko Mamlaka ya Hali ya Hewa, maafa yako Ofisi ya Waziri Mkuu, minara ni ya kampuni za simu chini ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Saa nane za usiku nani anampigia nani? Tunayo Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022. Naomba kanuni ziseme wazi kwamba ofisa wa zamu anatuma mwenyewe, hasubiri saini. Na maji yasipokuja, asiadhibiwe. Ofisa anayeogopa kukosea atasubiri, na maji hayasubiri.

Ujumbe nao useme lugha yetu. Milimita 50 ndani ya saa 24 hazinitoi kitandani. Niambieni maji yatapita kitasa cha mlango, niondoke sasa, nielekee shule ipi. Na kwa wenye simu zilizozima chaji, mjumbe apewe kipaza sauti.

Najua tutaambiwa tuhame. Wapo waliolipwa fidia kupisha mradi wa kuendeleza Bonde la Msimbazi. Sisi tulio nje ya mpaka wa mradi bado tupo.

Mvua za vuli huanza Oktoba. Naomba lifanyike jaribio moja kabla ya hapo, mchana kweupe, kwa mnara mmoja tu wa bondeni. Nitakaa na kitochi changu mkononi, chaji imejaa.

Mkazi wa Kigogo,
Dar es Salaam