Kabla ya kumhukumu mkulima, pimeni mlima

Ndugu Mhariri,

Nimesoma gazeti lako miaka mingi bila kuandika neno, lakini habari yenu ya Mto Ruvu imenichosha. Mmerudia yaleyale: maji ya Dar es Salaam yanapungua kwa sababu sisi wa milima ya Uluguru, mto huo unakoanzia, tunalima. Tuliambiwa hivyo hata mwaka 2021 wakati wa mgao wa maji, ilhali mvua za vuli hazikuwa zimenyesha. Sikatai kwamba shamba lisilo na matuta hupoteza udongo. Nakataa kuhukumiwa na watu wasiojua chini ya mashamba yetu kuna nini.

Masika yakishapita, mto unalishwa na maji yaliyozama. Mwamba wa Uluguru ni mkongwe na mgumu, kwa hiyo maji hukaa kwenye mipasuko yake na kwenye udongo uliotokana na kuoza kwake. Upande mmoja udongo huo una kina kirefu, upande wa pili ukichimba kidogo unagonga jiwe. Ndiyo maana kijito kimoja hufika vuli na cha jirani hukauka mapema.

Hayo yanapimika! Unapigilia vigingi vya chuma, unapitisha umeme ardhini na kusoma ukinzani: penye maji umeme hupita kirahisi, penye mwamba mkavu hukwama. Udongo wa mfinyanzi nao hupitisha umeme, hivyo hupimwa pia mawimbi ya mtetemo, ambayo husafiri taratibu kwenye udongo uliolegea na hupita mita 4,000 kwa sekunde kwenye mwamba mzima. Nayajua haya kwa sababu wapimaji walikuja kijijini kwetu. Walivuta nyaya katikati ya maharage yangu yaliyokuwa yanatoa maua, nami nikawabebea betri kupanda mteremko. Nilipomuuliza mkubwa wao wameona nini, akanijibu kwamba ripoti ni ya aliyewalipa. Hatujaiona mpaka leo, si mimi, si mwenyekiti, si mtendaji. Baadaye kilichimbwa kisima kirefu karibu na shule, kikatoka kikavu, na hakuna aliyetueleza kama palichimbwa pale vipimo viliposema au pale gari la kuchimbia lilipoweza kufika. Watoto bado wanabeba ndoo kutoka bondeni. Ardhi ni yetu, maharage yaliyokanyagwa ni yetu, na majibu tumenyimwa.

Halafu kuna hizo mita 60. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inatuondoa ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, nasi tunaondoka. Lakini maji yanayolisha chemchemi yanaweza kuwa yamezama mbali zaidi, juu mteremkoni, na huko hakuna anayezuia nyumba wala barabara. Mnalinda ukingo, na pale maji yanapoingilia mmepaacha wazi.

Naiomba Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu ipime mistari ileile, kuanzia ukingo wa msitu hadi kwenye chemchemi, mara mbili kwa mwaka: Mei masika yanapokwisha, na mwishoni mwa Septemba. Mchoro wa majibu ubandikwe kwenye ukuta wa ofisi ya kijiji, kwa Kiswahili, wenye kina kwa mita na jina la kila kijito. Na wewe Mhariri, mtume mwandishi wako siku hiyo ya kubandika.

Mkulima wa mlimani,
Morogoro