Namba ya hitilafu kwenye kioo cha ekskaveta si oda ya spea

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumzie jambo linalowagusa wengi wanaonunua ekskaveta za mtumba zinazoshushwa katika bandari yetu ya Dar es Salaam, nalo ni namna tunavyozisoma, au niseme tunavyoshindwa kuzisoma, namba za hitilafu za umeme zinazojitokeza kwenye kioo kilicho mbele ya opareta. Mimi ni fundi umeme wa mitambo, na siku hizi mara nyingi naitwa baada ya mwenye mtambo kumaliza fedha zake kwa kubadilisha vitu vizima, huku kile kilichokuwa kibovu tangu mwanzo kikiwa hakijaguswa na mtu.

Nitoe mfano. Hivi karibuni niliitwa Kigamboni kwenye ekskaveta ya tani ishirini iliyokosa nguvu, ambayo kioo chake kilionyesha hitilafu tatu kwa wakati mmoja, zote za sensa, yaani vifaa vya kupima: sensa ya shinikizo la oili, sensa ya shinikizo la dizeli na sensa ya hewa ya tabo (pampu ya kusukumia hewa kwenye injini), zote zikidaiwa kutoa volti ndogo kupita kiasi. Mwenye mtambo alikuwa amekwisha kununua sensa tatu mpya mjini, akazifunga, na namba zikabaki pale pale. Alipozirudisha dukani alionyeshwa maandishi madogo chini ya risiti, kwamba vifaa vya umeme vikishauzwa havirudishwi. Swali ambalo hakuna aliyemuuliza, si muuzaji wala fundi wa kwanza, ni hili: sensa tatu zilizofungwa sehemu tatu tofauti za injini zinakufaje saa moja, kana kwamba zimeagana?

Sensa za shinikizo za aina hii hupewa volti 5 na kompyuta ya injini, nazo hurudisha volti zinazopanda na kushuka kati ya takriban 0.5 na 4.5 kadiri shinikizo linavyobadilika, hivyo kipimo kikitoka nje ya mipaka hiyo kompyuta hutambua kwamba kuna kasoro ya umeme, iwe kwenye sensa, kwenye plagi au kwenye waya. Sasa, zile volti 5 mara nyingi hugawanywa kwa sensa kadhaa kutoka chanzo kimoja, na waya mmoja ukigusa bodi ya mtambo, sensa zote za chanzo hicho hulala kwa pamoja. Niliweka mita kwenye waya wa volti 5 ikasoma 0.7. Nikachomoa plagi ya sensa ya kwanza, kisha ya pili, kisha ya tatu, na kipimo hakikutikisika. Hapo sensa zote tatu zilikuwa zimeachiwa huru. Nilimwomba opareta azungushe mkono taratibu kwenye kifungu cha nyaya kinachopita nyuma ya injini wakati mimi nakodolea mita, na alipofika kwenye bano la chuma mita ikaruka hadi 5.02. Ganda la waya lilikuwa limelika sehemu isiyozidi punje ya mchele, shaba inagusa chuma. Kazi yote haikufika saa moja. Zile sensa za zamani, nzima kabisa, nilizikuta zimetupwa kwenye ndoo ya grisi.

Kasoro ya kwanza, kwa maoni yangu, ni kusoma nusu ya namba. Mitambo mingi ya miaka ya karibuni hufuata kanuni ya J1939, yaani lugha ya pamoja ya kompyuta za mitambo, ambayo namba yake ya hitilafu ina sehemu mbili: ya kwanza hutaja mahali, ya pili hueleza kilichotokea. Namba 100 ni shinikizo la oili ya injini, na 110 ni joto la maji ya kupoza injini. Katika sehemu ya pili, 3 maana yake volti ziko juu kuliko inavyotakiwa, 4 ziko chini, na 5 ni kwamba mkondo haupiti vizuri, aghalabu kwa sababu waya umekatika au plagi imelegea. Fundi akiona 100 pamoja na 1, shinikizo lenyewe limeshuka kwa kiwango cha hatari na injini izimwe hapo hapo; akiona 100 pamoja na 4, achukue mita kwanza, kwa sababu anayelalamika ni umeme. Tofauti ya tarakimu moja ndiyo tofauti ya kufungua injini na kufunga utepe. (Sisi mafundi namba hizi tunaziita “kodi”, na mteja mmoja nilipomwambia kwa simu kwamba mtambo wake una kodi tatu, aliniapia kwamba TRA, mamlaka ya mapato, hawamdai hata senti.)

Zaidi ya hayo, jiji letu lina maradhi yake. Hewa ya pwani ina chumvi, masika yana unyevu usiokauka, na vijana wetu wanaosha mitambo kwa pampu ya maji bila kuzikinga plagi, hata ukifungua plagi iliyo chini ya sakafu ya kibanda cha opareta unakuta pini zimeota ukungu wa kijani. Halafu kuna mazoea ya kuunga redio ya volti 12 kwenye betri moja kati ya betri mbili zinazotoa volti 24, jambo linaloinyonya betri moja na kuiacha nyenzake, mpaka siku ya kuwasha volti zinaanguka na kompyuta inaanza kumwaga namba ambazo hazina uhusiano wowote na sehemu zinazotajwa. Ndiyo maana mimi huanza na betri, nyaya za ethi na alteneta, ambayo injini ikiwaka inapaswa kuchaji kwa volti 27 hadi 28 na ushee. Kuchomelea meno ya baketi bila kwanza kuchomoa betri sitalisemea sana, maana kila kitabu cha mtambo kinalikataza na kila saiti inalifanya.

Namba zinazosema kompyuta moja haiisikii nyingine huwatisha watu kuliko zote, na hapo ndipo kompyuta nzima huagizwa ng'ambo kwa mamilioni. Kabla ya kuagiza, betri ichomolewe na upimwe ukinzani kati ya nyaya mbili zilizosokotana zinazobeba mawasiliano hayo. Kipimo cha karibu omu 60 ni kizuri. 120 maana yake upande mmoja umekatika au kizuizi cha mwisho wa waya hakipo. Karibu na sifuri, nyaya hizo zimegusana.

Ombi langu ni kwa wenye yadi. Imekuwa desturi kufuta namba zote asubuhi ya siku anayokuja mteja, kwa hiyo kioo kinakuwa safi, na hitilafu nyingi hazirudi mpaka mtambo upate moto na ufanye kazi nzito. Mteja aruhusiwe kuuendesha mtambo kwa saa moja, achimbe na kuzunguka nao, kisha kioo kisomwe upya mbele yake, pamoja na namba za zamani zilizohifadhiwa ndani ya kompyuta kama bado zipo. Na mtambo uuzwe pamoja na mchoro wake wa wayaringi. Huwa tunaambiwa kwamba michoro iliyokuja ni ya Kijapani na haina faida kwetu. Si kweli, kwa sababu rangi za nyaya humo huandikwa kwa herufi hizi hizi tunazosoma, na plagi hupewa namba. Mimi nimeifanyia kazi michoro hiyo kwa miaka mingi na sijui hata neno moja la Kijapani.

Fundi umeme wa mitambo,
Tabata, Dar es Salaam